Jozi

Nyumba ya Garbiñe ina kuta za mawe, unene wa mkono mzima,
toka begani hadi ncha ya kidole cha kati.
Nilipima. Sikuwa na kazi nyingine
kompyuta ikijivuta kuamka
na mvua ya bonde ikigonga vigae.

Ruta iko chini, jikoni, juu ya jokofu,
imeegemea chupa ya siki.
Kompyuta iko ghorofani, chumba cha kushonea:
sanduku jeusi la marehemu Patxi, zito,
lisilojua kwamba siku hizi maneno husafiri bila waya.
"Simu yangu inashika. Hili kwa nini halishiki?"
Simu imezaliwa na masikio, nikamjibu.
Hili itabidi tulivalishe.

Nikatoa adapta, ndogo kama ukucha wa kidole gumba.
"Yuro kumi na nane, kwa haka?"
Ikaingia tunduni. Taa ya buluu ikawaka, ikafa.
Kompyuta ikasema haimjui mgeni huyu,
iletewe programu ya kumtambulisha.
Na programu iko wapi? Mtandaoni.
Yaani mlango umefungwa na ufunguo umo ndani.
Garbiñe alicheka hadi akashika mbavu:
"Kumbe ni kama ofisi ya ardhi tu."

Nikaiunga simu yangu kwa waya,
nikalikopesha sanduku mtandao
tone kwa tone, kama kumnyonyesha ndama kwa chupa.
Dakika kumi na moja.

Ndipo orodha ikafunguka.

Juu kabisa, mistari yote minne imejaa: JOXEMIEL.
Chini, mstari mmoja unaofifia,
herufi na tarakimu za kiwandani. Huo ndio wake.

Kicheko kikakoma.
Joxemiel ni yule wa ng'ambo ya ua.
Mwaka wa tisa huu hawajaulizana hata habari ya mvua,
kisa mti wa jozi uliosimama mpakani,
tunda lenye vyumba viwili chini ya paa moja,
na mawakili wakalila kabla ya kindi.
"Huyu anaingia chumbani mwangu bila hodi?"
Anapitia dirishani. Ukuta unazuia mawimbi yako,
kioo hakizuii ya jirani.
"Na yangu? Yanafika kwake?"
Yanafika. Jina lako analiona kila afunguapo orodha.
"Hilo si jina langu," akasema.

Nikairefusha adapta kwa waya wa mita tatu,
nikaining'iniza juu ya ngazi, kwenye msumari wa kalenda.
Mistari miwili. Mitatu, mlango wa jikoni ukiachwa wazi.
Nikashuka kusoma nenosiri tumboni mwa ruta,
nikipaza sauti, yeye akiandika kwa kidole kimoja.
"Sifuri au O?"
Sifuri!
"Sifuri yenye tumbo?"
Zote zina tumbo, Garbiñe!

Tukashika.

Nilikuwa nafunga begi aliponiuliza
kama jina la kiwandani hubadilishwa.
Hubadilishwa. Lisizidi herufi thelathini na mbili.
Akakaa. Akafuta mara tatu.
La kwanza lilikuwa tusi, nililiona.
La mwisho: JOZI ZIMEIVA NJOO NA KIKAPU.
Ishirini na saba, pamoja na nafasi.

Jina jipya likakata kila kitu, bila shaka.
Nikashuka tena. Sifuri. Yenye tumbo.

Alhamisi alinipigia dukani.
Nikadhani msumari umeng'oka.
"Hapana, inafanya kazi. Orodha ni ileile,
Joxemiel, mistari minne, hakuna kipya."
Kimya. Nilisikia mvua yake ndani ya simu.
"Nilitaka kujua tu. Mtu akizima yake usiku,
jina lake hupotea?"
Hupotea.
"Basi jana hakuzima."